Mheshimiwa ni Nani Kanisani?

Leo sina neno tamu. Nina neno ambalo nimelibeba kwa wiki tatu nikiogopa kuliandika, kwa sababu linaanza na mimi mwenyewe.

Jumapili moja tulikuwa tumearifiwa kwamba mwanasiasa atatutembelea. Simtaji, na wala hakukosa yeye, tulimwalika. Saa kumi na mbili asubuhi nilituma ujumbe kwa wahudumu wa mlangoni: safu mbili za mbele ziachwe wazi. Kufikia saa tatu shosho mmoja alikuwa ameshaketi mahali pake, kiti cha tatu kutoka njiani. Ameketi mahali hapo tangu tulipokuwa tukiabudu ndani ya mabati, na mvua ikinyesha tunaacha kuhubiri kwa kelele. Anaketi mbele kwa sababu masikio yake yamechoka. Kijana wetu alimwinamia akamnong'oneza. Shosho akachukua mkoba wake, Biblia yake na fimbo yake, akatembea polepole mbele ya kanisa zima, akaenda kuketi nje chini ya hema, upande ule ambao spika yake haifanyi kazi.

Mimi nilikuwa madhabahuni. Niliona yote. Nikaendelea kuinua mikono.

Mgeni wetu alifika saa tano na robo, akasalimia, akaongea dakika ishirini, akaacha bahasha, akaondoka kabla ya mahubiri na watu wake wote. Safu mbili za mbele zikabaki tupu. Nikahubiria viti.

Siku chache baadaye nilienda kwake kuomba msamaha. Nilitarajia anilaumu. Hakunilaumu. Aliniambia amekuwa akiwauliza akina mama wa ushirika wake wa nyumbani amekosa nini. Alidhani ametengwa. Mmoja wao akamwambia labda ni ile ahadi ya jengo ambayo hajaimaliza.

Mpendwa, soma hapo tena. Mama wa Mungu, mwenye umri wa kunizaa, aliondolewa kwenye kiti na wazo la kwanza lililomjia yeye na wenzake ni kwamba kuna pesa hajalipa. Nani aliwafundisha kufikiri hivyo? Si dunia. Si shetani, leo nakataa kumsingizia. Ni sisi wenye kushika kipaza sauti.

Kenya tumefanya jambo la ajabu na neno hili heshima. Tumelipa gari na walinzi. Mheshimiwa ni mbunge. Mheshimiwa ni mwakilishi wadi. Mheshimiwa ni gavana. Umewahi kusikia mtu akisema kanisani, "Sasa tumkaribishe mheshimiwa anayeosha vyoo vyetu kila Jumamosi"? Ungecheka. Lakini fungua 1 Petro 2:17 usome bila haraka. Mtume anaagiza watu wote waheshimiwe, na mwisho wa mstari huohuo anaagiza mfalme aheshimiwe. Neno ni lilelile. Hakumwekea mfalme neno kubwa na mama mboga neno dogo. Yaani kile unachompa gavana akiingia, unaposimama, unapotabasamu, unapotafuta kiti kizuri, Petro anakudai umpe pia yule aliyekuja na boda boda na viatu vyenye tope.

Na Yakobo ndiye amenimaliza kabisa. Sura ya 2 anaeleza mtu mwenye pete ya dhahabu akiingia, na maskini mwenye nguo chafu akiingia, na jinsi mmoja anavyopewa kiti kizuri na mwingine anaambiwa asimame kule. Nimehubiri sura hiyo zaidi ya mara tano. Mara zote nilidhani inahusu kanisa lingine.

Ndugu zetu wa makanisa mengine wametutangulia katika hili, tukubali. Septemba 2021 kule Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa wakubwa waliokuwapo wasihutubu katika ibada. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza fedha ambazo Rais alitoa katika parokia ya Soweto zirudishwe. Nakumbuka wengi wetu Wapentekoste tulivyosema: hawa hawana heshima kwa mamlaka. Tulikuwa na Warumi 13 mkononi tayari. Lakini Warumi 13:7 inasema kila mtu apewe anachostahili. Mtawala anastahili kodi na heshima. Haijasema anastahili madhabahu, na haijasema anastahili kiti cha shosho.

Hata hivyo mwanasiasa si kiini cha jambo. Mwanasiasa ni kioo tu. Alipoingia kwetu alikuta fundisho limeshamtandikia zulia.

Fundisho lenyewe unalijua. Linasema heshima hupanda juu na baraka hushuka chini. Umheshimu aliye juu yako, naye Mungu atakupandisha. Umheshimu mtumishi kwa mbegu, kwa zawadi, kwa kumbebea Biblia, kwa kutomhoji. Ukimhoji umemgusa mpakwa mafuta. Katika fundisho hili hakuna siku hata moja ambapo heshima inatakiwa kuteremka. Mchungaji hamheshimu mhudumu wa mlangoni, anamtuma. Tajiri wa kanisa hamheshimu mlinzi wa lango, anampigia honi.

Basi tuisome Zaburi 105, maana mstari wa 15 ndio rungu letu. Rudi nyuma mistari mitatu. Wale ambao Mungu anakataza wasiguswe ni Ibrahimu na watoto wake walipokuwa wachache, wageni, wasio na ardhi, wakihama kutoka taifa hadi taifa. Na wanaokemewa ni nani? Wafalme. Ile zaburi Mungu anawakinga wasio na kitu dhidi ya wenye nguvu. Sisi tumeigeuza ikawakinga wenye nguvu dhidi ya maswali ya wasio na kitu. Mhasibu wa kanisa akiuliza pesa ya hema iko wapi, tunamnyamazisha kwa mstari ulioandikwa kwa ajili ya wahamiaji.

Usiniambie ni jambo dogo. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wakiwamo. Tulilia, tukalaani, tukasema sisi si kama wale. Ni kweli, si kama wale. Lakini mahali ambapo mtumishi haulizwi swali, mtu amekwisha kuanza kutembea kuelekea msitu, hata kama bado yuko mbali nao.

Sasa tuje kwa Mungu mwenyewe, kwa sababu najua kuna mtu anasema, "Pasta, wewe unaongea habari za wanadamu tu. Tumheshimu Mungu kwanza." Haya. Twende Shilo, 1 Samweli 2.

Wana wa Eli walikuwa makuhani. Mtu akileta dhabihu, mtumishi wa kuhani alikuja na uma wa meno matatu, akachoma ndani ya sufuria, na kilichoinuka na uma kikawa cha kuhani. Baadaye hata hilo halikuwatosha. Wakawa wanataka nyama mbichi, kabla mafuta hayajateketezwa kwa Bwana. Na hapa kuna mtu ambaye hatumhubiri kamwe: yule mwabudu wa kawaida. Hana jina. Amesafiri na mnyama wake. Anamwambia mtumishi wa kuhani: subiri kwanza mafuta ya Mungu yateketezwe, halafu chukua unachotaka. Anajibiwa kwamba atoe sasa hivi, la sivyo atanyang'anywa kwa nguvu.

Unaona? Aliyekuwa akilinda heshima ya Mungu siku ile alikuwa mshirika. Waliokuwa wakiivunja walikuwa madhabahuni, wamevaa. Na walivunja heshima mbili kwa tendo moja. Walimdharau Mungu kwa kula sehemu yake, na walimdharau mwanadamu kwa kumtisha. Huwezi kuvitenganisha. Hujapata kuona mtu anayeiba sehemu ya Mungu huku akimtendea kwa upole yule aliyeileta.

Mungu hakumwambia Eli kwamba yeye pia alikula kwa uma. Alimwambia kwamba amewaheshimu wanawe kuliko yeye. Alikuwa anajua, aliwakemea kwa mdomo, na Jumapili iliyofuata wakapanda madhabahuni tena. Katika Kiebrania neno la kuheshimu lina mzizi wa uzito. Kumheshimu mtu ni kumhesabu kuwa mzito, kutomchukulia kama pumba ya kupeperushwa. Eli aliwafanya wanawe wazito kuliko Mungu, na sura ya 4 mstari wa 18 inasema alipoanguka alivunjika shingo kwa sababu alikuwa mzee, tena mzito. Ni mzizi uleule. Kila nikisoma hapo najiangalia tumbo.

Mzizi huohuo uko katika Mithali 3:9, mstari tunaousoma kabla ya sadaka, wa kumheshimu Bwana kwa mali. Uko katika amri ya kumheshimu baba na mama. Na uko katika Mithali 14:31, ambapo anayemhurumia mhitaji anahesabiwa kuwa amemheshimu Mungu. Mstari huo sijawahi kuusikia ukisomwa wakati wa sadaka. Hata mimi sijawahi kuusoma.

Hapo kwa baba na mama nitakaa kidogo, kwa sababu nina barua zenu.

Kuna kijana aliniandikia akifurahi kwamba amepanda mbegu ya shilingi 10,000 kwa mtumishi anayemfuata kwenye simu. Nikamuuliza mama yake anaendeleaje. Akaniambia mama yuko kijijini, dawa za presha zilimwishia, anamwombea. Nikamuuliza mama anamwombea yeye au yeye anamwombea mama. Hakujibu siku mbili.

Marko 7, Yesu aliwakuta watu wa namna hii. Mtu alikuwa akisema mali ambayo ingemsaidia mzazi ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, na viongozi wa dini wakamruhusu asimfanyie mzazi wake chochote tena. Yesu hakusema wamekosea hesabu. Alisema wametangua neno la Mungu. Angalia vizuri: walitangua amri ya Mungu kwa kumtolea Mungu! Mpendwa, ukituma M-Pesa kwangu huku mama yako anakata kidonge kimoja mara mbili ili kifike mwisho wa mwezi, mimi sijapokea sadaka. Nimepokea dawa ya mama yako.

Na sisi wachungaji tunapenda 1 Timotheo 5:17, kwamba wazee wanaoongoza vema wapewe heshima maradufu. Tunaipenda sana. Lakini sura hiyo haianzi mstari wa 17. Mstari wa 3 unaagiza wajane waheshimiwe, kwa neno lilelile. Mstari wa 4 unasema watoto na wajukuu waanze na watu wa nyumbani mwao, wawalipe wazazi wao. Mstari wa 8 unasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Ndipo, baada ya mjane kula, mchungaji anafikiwa. Paulo alipanga foleni, na sisi tumeruka watu.

Hali ni hiyohiyo kwa Malaki. Ni nani kati yenu hajui Malaki 3:10? Hata watoto wa Jumapili wanaijua. Sasa nani anijibu 3:5 inasema nini? Mistari mitano tu kabla ya ghala na madirisha ya mbinguni, Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi dhidi ya wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, wanaomwonea mjane na yatima, wanaomnyima mgeni haki. Anawaambia hao kwamba hawamwogopi. Hawa ndio baadaye kidogo anaowaambia walete zaka. Unataka madirisha yafunguliwe, na binti anayelea watoto wako hajalipwa tangu mwezi wa nane?

Ndiyo, nimefika nyumbani kwako, usifunge simu. Agizo la serikali la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kuwa zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Nawajua wapendwa, watu wa kufunga na kukesha, wanaolipa nusu ya hiyo, tena kwa vipande, tena baada ya kuulizwa. Wanamwita "yule msichana" miaka minne, na jina lake halisi hawalijui kwa sababu hawakuwahi kuuliza. Jumapili anabaki nyumbani kupika ili wao waje kumheshimu Bwana. Yakobo 5:4 anasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo imefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwa hiyo Jumapili Mungu anasikia sauti mbili kutoka nyumba moja: yako ukiimba, na ya ule mshahara.

Najua nitajibiwa. Mtumishi mwenzangu mmoja aliposikia ninakoelekea alinipigia. Akaniambia, "Ndugu, ukiwafundisha hivi watatudharau. Nani atamlisha mchungaji?" Ni swali la kweli, na sitalikwepa. Mimi nina watoto shuleni na kodi ya nyumba. Wagalatia 6:6 ipo, na anayefundishwa Neno amshirikishe mwalimu wake mema. Mfanyakazi anastahili ujira wake, hata huyo wa madhabahuni. Wako washirika wanaomlipa mchungaji kama wanavyomlipa yule binti, kwa vipande na kwa kuombwa, na hao pia watajibu. Lakini ujira ni kitu kimoja, na kunenepa kwa uma wa meno matatu ni kitu kingine. Nami sijaona mtu akimdharau mchungaji kwa sababu alishuka kumwinulia shosho kiti. Nimeona watu wakimdharau kwa sababu hakushuka.

Mwingine atasema heshima ni ya moyoni, viti ni vya nje tu. Kama ni vya nje tu, mbona tulitoka jasho kuvipanga? Yesu katika Marko 12 hakuvidharau. Aliwaonya watu kuhusu waandishi wanaopenda kusalimiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, na sentensi inayofuata inasema wanakula nyumba za wajane. Viti vya mbele na nyumba za wajane, pumzi moja. Kisha anaketi kuelekea sanduku la hazina, na anayekuja kutoa ni mjane mwenye senti mbili. Tumehubiri zile senti mbili hadi zimechakaa, na hatujauliza ni nani alikuwa amekula nyumba yake.

Wazee wa kanisa tulikutana Alhamisi. Hatukukubaliana yote, mmoja alitoka kabla ya maombi ya kufunga, na ninawaomba msimseme vibaya, ni mtu aliyejenga kanisa hili kwa mikono yake na anaogopa tutapoteza marafiki. Tuliyokubaliana ni haya. Safu mbili za mbele ni za wazee, wenye fimbo, wasiosikia vizuri na akina mama wajawazito. Mheshimiwa yeyote akija anakaribishwa kwa furaha, atasalimiwa akiwa mahali alipoketi, ataombewa kama tunavyoombea viongozi wote, na kipaza sauti kitabaki kwa Neno. Ile bahasha tumeirudisha na barua ya heshima. Spika ya kwenye hema itatengenezwa wiki hii.

Siku ya kumshukuru mchungaji mwaka huu msinichangie. Siku hiyo mtumie mzazi wako au aliyekulea kile ulichokuwa umenitengea, na kama wametangulia mbele za Bwana, mtafute mjane wa karibu nawe. Usinitumie picha ya ujumbe wa M-Pesa kunionyesha. Na wewe mwenye deni la mshahara wa mfanyakazi, mlipe kabla ya Jumapili, kisha uje na sadaka.

Nilimuuliza shosho kama naweza kusimulia habari yake. Akasema nisimulie, lakini nisiseme jina, na akaniuliza kama ile ahadi ya jengo bado iko kwenye kitabu. Nilimwambia nimeifuta. Akakasirika. Akaniambia hakuniomba niifute, ni ahadi yake kwa Mungu na ataimaliza mwenyewe baada ya mavuno. Nikairudisha.

Ibada Jumapili ni saa tatu. Mwenye gari lenye nafasi anipigie Jumamosi, kuna wazee sita upande wa mtoni wanaohitaji kuletwa.